Pole ya Kikombe

Tangu sheria ile ipite, mimba ikiharibika mwanamke ni mtuhumiwa, na yeyote anayempa pole ni shahidi. Kila nyumba ina kinasa sauti cha serikali ukutani, na neno hilo ndilo kinalolisubiri.

Mimba yangu iliharibikia kazini, chooni. Nikajifuta, nikarudi kwenye cherehani kushona mashati ya watu.

Kesho yake mama mkwe alikuja na chupa ya uji. Aliponitazama usoni tu, akaelewa.

"Mvua zimegoma mwaka huu, Nyamizi," akasema, akinimiminia uji kikombeni.

"Zimegoma, mama."

Tukakaa. Nililitamani lile neno. Mwisho nikakiachia kikombe makusudi, uji ukamwagika.

"Pole!" akapaza sauti, akanikumbatia. "Pole mwanangu! Pole, jamani, pole!"

Hapo ndipo nilipolia.

Ukutani taa ikawaka. "Pole ya nini?" kinasa sauti kikauliza, kwa sauti laini ya kike.

"Ya kikombe," mama mkwe akajibu haraka. "Kimevunjika."

"Nionyesheni vipande."

Tukatazama chini. Kikombe kilikuwa cha plastiki, kimelala sakafuni, kizima.