Mtu wa Kupigiwa Simu

Karani alishasajili namba ya utambulisho ya redio ya boti. Kabla ya kutoa leseni, likabaki swali moja.

"Boti ikipata ajali, tumpigie nani?"

Nahodha akataja namba ya simu. Mkewe, aliyekaa pembeni yake, akaacha kujipepea kwa bahasha. Namba hiyo haikuwa yake. Akairudia kimoyomoyo: ilikuwa ya mama yake mwenyewe.

"Kwani mimi nimekufa?"

"Wanataka mtu wa nchi kavu," nahodha alisema, akichokonoa ukucha ulioganda rangi ya boti. "Wewe si utakuwa na mimi?"

Tangu waoane, hakuwahi kumkaribisha botini hata siku moja.

Mke akamgeukia karani. "Majaketi ya kujiokolea umeandika mangapi?"

"Moja."

"Andika mawili. Mimi mwenzake sijui kuogelea."