Mkono wa Msaidizi

Mama alikipapasa kiganja cha Elirehema, akakisukuma. "Huu si mkono wa mwanangu. Mwiteni aje nimbariki."

"Mama, ni mimi."

"Mkono wenyewe laini kama wa mzungu."

Ulikuwa laini kweli. Elirehema alikuwa karani wa Bwana DC Arusha mjini, na kazi haikumpa nafasi ya kupanda huku kijijini, juu ya Kikatiti. Ndiyo maana aliajiri msaidizi. Msaidizi alipalilia kahawa, akamlisha mama uji, akamtoa nje kuota jua. Kahawa ikazaa kuliko zamani, na Elirehema akapandishwa cheo. Mama alipopofuka akaanza kumwita msaidizi "mwanangu", naye akashuka mjini kuuliza afanyeje.

"Mwache aamini hivyo," Elirehema alimjibu, macho yakiwa kwenye taipureta. "Itampa raha."

Sasa msaidizi alisimama mlangoni, kofia mkononi, kucha zake nyeusi kwa utomvu wa migomba.

Pumzi za mama zilianza kukatika. Kwao, mzazi anayekufa humtemea mwanawe mate kiganjani, mara moja tu, na baraka yake imekwisha. Mama alikuwa ameshayakusanya mdomoni.

Elirehema akainuka kwenye kigoda. "Njoo ukae hapa," alimwambia msaidizi. "Mpe mkono."

"Bwana karani, mimi siwezi..."

"Mpe."

Mama akaupapasa ule mkono mgumu, akatulia. "Elirehema," aliita kwa upole, akautemea mate.