Ini la Baba

Daktari alikandamiza kipimo chini ya mbavu za dereva wa lori, akaikazia macho skrini.

"Vipi, linafaa?" Dereva alikuja kumtolea binti yake kipande cha ini.

"Limejaa mafuta. Hatuwezi kulikata."

"Mafuta yametoka wapi? Pombe sijawahi hata kuonja!"

"Soda je?"

"Nne, tano kwa siku. Zinanifukuzia usingizi barabarani."

"Sukari ikizidi, ini huigeuza mafuta. Ziache leo, tukupime tena baada ya miezi minne."

"Na yeye ana miezi mingapi?"

Mlango ulifunguka, binti akachungulia, macho yake yakiwa ya manjano kabisa.

"Baba, wamesemaje?"

Dereva alishusha shati juu ya tumbo lililolowa jeli baridi.

"Tumekubaliwa, mama," maneno yakamtoka kabla hajafikiri.