Kanga Kwenye Tangi

Kihiyo alimtandika dereva wake spana ya tairi mdomoni, palepale gereji, kwa sababu pikapu ilikuwa imezima mara ya nne siku hiyo.

"Umenitilia mchanga kwenye tangi!" alifoka, akaitupa spana chini.

Mandondo, dereva, alitema meno mawili.

Fundi Shomvi alichomoa mpira wa mafuta, akaupuliza. Ulikuwa umeziba. Akachokonoa kwa waya, akatoa kipande cha kanga nyekundu kilichooza.

"Si mchanga, bosi. Ni hii kanga mliyozibia tangi. Nani aliiweka?"

Mfuniko wa tangi ulipopotea, ni Kihiyo mwenyewe aliyechana kanga ya mkewe na kuishindilia pale.

"Funga, tuondoke," alisema. Akapanda, akawasha. Injini ilinguruma kwa nguvu, hata hakumsikia Mandondo akiokota spana.