Vidole vya Makame

Siku hizi kompyuta haina nywila. Inakutambua kwa jinsi unavyochapa, pamoja na makosa yako na pale unapositasita. Mume wangu Makame alipofariki, picha zetu zote zilibaki kwenye kompyuta yake, basi nikajifunza kuchapa kama yeye. Nilitumia vidole viwili, na kila baada ya neno nilipiga funda la chai ya tangawizi, ambayo siipendi. Hatimaye ikaandika: “Karibu, Makame.”

Leo mfumo umewauliza watumiaji wanataka kiongezwe nini.

“Waambie wakaze usalama, mama,” akasema binti yangu Nasra. “Wezi wamezidi.”

“Mimi nataka warudishe nywila.”

“Basi waandikie kwa jina lako, si la baba.”

Nikawasha kompyuta yangu, ambayo sijaigusa tangu mazishi. Nikachapa jina langu, Siwema. Ikakataa. Nikarudia polepole.

“Wewe si Siwema,” ikaandika. “Tafadhali mwite mwenyewe.”

Nasra akaitazama mikono yangu. “Mama, hebu chapa kama wewe.”

“Ndivyo ninavyochapa,” nikamjibu, nikapiga funda la chai. Ilikuwa tamu.