Waya kwenye Rejeta ya Mzee Musyimi

Maji yalikuwa yamepotea tena.

Mzee Musyimi alichungulia ndani ya rejeta, akaingiza kidole, kikatoka kikavu. Jana asubuhi aliijaza mpaka juu. Juzi pia. Tangu baridi ya Juni ishike Kikima, gari lake la buluu lilikuwa likipanda mlima wa sokoni kidogo tu, mshale wa joto unakimbilia kwenye nyekundu, huku hita ikimpulizia magotini upepo kama wa barafu.

"Mama Ben," alimwambia mkewe Wavinya, "hili gari linataka kuniaibisha."

Jumamosi walikuwa wapeleke mbuzi watatu wa ntheo kule Kitui, nyumbani kwa kina Mutanu, mchumba wa mwana wao Ben. Bila mbuzi hao, wazee wa kule hawangehesabu kwamba Ben ameoa. Musyimi alikuwa ameapa kufika kwa gari lake mwenyewe, amevaa suti, amekaa mbele. Jirani yake Jonah, mwenye pikapu ya kubebea mbuzi, alikuwa amemwekea nafasi.

"Huko nyuma, mzee," Jonah alisema. "Katikati ya mbuzi. Watakupasha joto kuliko hiyo hita yako."

"Usimjali," Wavinya alimwambia mumewe, akamfunga skafu vizuri shingoni. "Kunywa uji."

Wavinya alikuwa mama wa namna hiyo. Hakuna mgeni aliyetoka kwake na njaa, na hakuna kitu kilichopotea bure mikononi mwake. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa ng'ombe, ya kuoshea vyombo yakaenda kwa sukuma wiki. Na tangu baridi ianze kuyauma magoti ya mzee, kila jioni aliyawekea chupa ya mpira ya maji moto, na miguu akaiingiza kwenye beseni. Hata wiki ile manyunyu yalipolowesha kuni zote, mzee hakukosa maji yake.

Alhamisi fundi Mutie aliitwa kutoka sokoni. Kabla ya kuingia chini ya gari alitandika gunia, ili oili isichafue uwanja uliokuwa umefagiliwa. Wavinya aliliona jambo hilo, na nduma kubwa kuliko zote ikaenda kwenye sahani ya Mutie.

"Mipira haivuji," sauti yake ilitoka chini ya gari. "Pampu iko sawa." Alitoka, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitazama juani. "Oili haijaingia maji. Moshi si mweupe. Zulia la ndani ni kavu. Mzee, haya maji hayavuji. Yanaondoka."

"Yanaondoka kwenda wapi?"

"Hapo ndipo sijui."

"Na hita?"

"Hita hupata joto kwa maji yale yale ya injini. Maji yakipungua, utapuliziwa baridi mpaka Kitui. Labda nifungue injini yote, nitazame gaskiti. Wiki moja hivi."

"Wiki moja! Ntheo ni keshokutwa!"

Wavinya alikuwa amesimama kando na birika. "Lakini Mutie, hayo maji si..."

"Mwaitu, samahani mama, haya ni mambo ya injini," Mutie alisema kwa adabu. "Wewe tuongezee chai tu."

Akawaongezea chai.

Ijumaa alasiri Mutie alijaza rejeta kwa mkono wake mwenyewe, akaendesha gari mpaka sokoni na kurudi. Mshale ulitulia katikati. Hita ilipuliza joto tamu, mpaka Musyimi akafungua vifungo vya koti na kuanza kuimba nyimbo za kanisani.

Lakini Mutie hakuridhika. Alitazama ng'ambo ya ua, ambako Jonah alikuwa akiosha pikapu yake huku akipiga mbinja.

"Kuna mtu anatuchezea, mzee," alinong'ona.

Akakifunga kifuniko cha rejeta kwa waya, mizunguko saba, ncha akaipinda kwa koleo. Chini ya gari akatandaza katoni kavu, ili hata tone moja likianguka lionekane.

Jumamosi asubuhi waya ulikuwa vile vile, mizunguko saba. Katoni ilikuwa kavu. Mutie akakata waya, akafungua kifuniko, akachungulia kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

Maji hakuna.

Mutie akaketi chini, bila hata gunia. "Mzee, nimetengeneza magari miaka ishirini. Hili sasa ni la mchungaji."

Jonah alifika na mbuzi, akiwa amejitayarisha kucheka. Alipoambiwa habari ya waya, alivua kofia.

Gari la namna hiyo nani angethubutu kulipeleka Kitui? Basi Musyimi akaiweka sawa tai yake, akaweka mguu mmoja kwenye bampa ya pikapu, akajivuta juu. Mbuzi wa kwanza aliinusa ile tai, akaipenda, akaanza kuitafuna.

Wakati huo Wavinya alitoka ndani, gauni lake jipya limepigwa pasi, mkononi ana ile chupa ya mpira. Alipita kwanza kwenye sukuma wiki, akamwaga maji yaliyokwisha kupoa, akaikung'uta chupa mpaka tone la mwisho. Kisha akaja kwenye gari, akaokota kile kipande cha waya kilichokatwa.

"Mutie mwanangu," alisema kwa upole, "ule mfereji mdogo wa kutolea maji chini ya rejeta hauna shida, lakini ni nani alifunga huku juu na waya? Jana maji ya magoti ya mzee yalinitokea kwa uchoyo sana."