Gari la Bura

"Badilishaneni magari," Raho aliwaagiza madereva wawili.

Zilibaki dakika thelathini mbio za mwisho zianze. Guled, dereva wa Bura aliyekuwa akiongoza kwa pointi mbili, alishtuka, kisha akavua glavu zake. Abdiwahab, dereva wa Garissa, hakusogea.

"Hooyo, hapana. Gari la Bura mimi silipandi."

"Hapa mimi si mama yako. Ni mkaguzi wa magari."

Na mkaguzi alikuwa amechoka. Msimu mzima ulimtia kinyaa. Ligi ilianza na miji mitano, kila mji na kigari chake cha kiti kimoja chenye injini ya pikipiki, na hotuba tamu kwamba vijana wa huku nao watapata kitu cha kujivunia. Mbio za kwanza zilisimamishwa na ngamia waliolala njiani. Hizo angalau watu walizicheka. Baada ya hapo hakuna kilichochekesha tena. Timu moja ilinaswa na injini iliyochokonolewa, ikajitoa kwa matusi. Nyingine ilimpa mshika bendera mbuzi wawili ili afumbe macho. Mfadhili aling'oa mabango yake akaenda zake. Kila baada ya mbio Raho alirudi nyumbani mtaa wa Waberi akanawa mikono mara mbili, tatu, na bado akajiona mchafu.

Sasa maneno yalikuwa yamemfikia yeye. Magari yalilala kwenye yadi ya duka lake la spea, kwa hiyo watu walinong'ona kwamba gari la mwanawe limependelewa. Dawa yake ilikuwa moja: madereva wawili wa juu wabadilishane.

"Basi nipe spana na dakika kumi," Abdiwahab alisema kwa sauti ya chini. "Nilitazame mwenyewe."

"Sheria unaijua. Nimeshakagua jana. Anayeligusa sasa ni fundi wake tu, tena kwa ruhusa yangu." Akamgeukia fundi wa Bura, mtu mwembamba, mpole, mwenye karakana hapa hapa Garissa. "Kulow, sogeza pedali. Huyu ana miguu mirefu."

Kulow akainama ndani ya gari kwa robo saa. Abdiwahab akawa anazungukazunguka pale, mshika bendera akamfukuza mara mbili. Raho aliona haya. Mwanamume wa miaka ishirini na minne, ananuna mbele za watu kwa sababu ya gari!

Mbio zilipoanza, Abdiwahab aliendesha polepole mno hata watu wakaanza kumzomea. "Angalieni, anapeleka maziwa sokoni!" mmoja alipiga kelele. Kwa mizunguko miwili alivumilia. Kwenye wa tatu Guled alimpita tena kwa kishindo, vumbi likamfunika, na kelele za kuzomea zikapanda. Hapo Abdiwahab akakanyaga mafuta.

Gari lilifika kwenye kona ya mapipa ya mchanga bila kupunguza mwendo hata kidogo. Likagonga, likapinduka mara mbili.

Walipomchomoa na kumkimbiza hospitalini, paja likiwa limevunjika, Raho hakupanda gari la wagonjwa. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaingiza mkono chini ya kile kigari. Nati ya mpira wa breki ilikuwa imefunguka. Oili yote ya breki ilikuwa imemwagika.

Nati haijifungui yenyewe.

Kikao cha kamati kiliitwa jioni ile ile, baada ya magharibi. Kulow alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Eedo Raho, nilisogeza pedali tu. Nati sijaigusa, wallahi."

"Jana nililikagua kwa mikono yangu, breki zilikuwa nzima. Tangu hapo nani mwingine ameligusa?"

Kulow alimtazama usoni.

"Siwezi kumtaja mtu ambaye sikumwona."

"Ulipojua mwanangu ndiye atakayepanda, ukapata nafasi yako. Ungemuua ili Bura ipate kikombe!"

Raho alimtemea mate karibu na viatu. Hakuna mwanakamati aliyemkanya. Walimfungia Kulow maisha asishiriki mbio, na ligi wakaifunga pia. Hakuna aliyekuwa na hamu nayo tena.

Lakini Raho hakuishia hapo. Kila mwenye tuktuk aliyeingia dukani kwake kutafuta plagi au cheni alisimuliwa habari za fundi anayefungua breki za watoto wa watu. Siku ya nne hakuna aliyempelekea Kulow kazi. Siku ya saba mtu alivunja mlango wa karakana yake kwa mawe. Siku ya tisa alipakia mkewe, watoto na magodoro kwenye lori, akaondoka Garissa. Raho alisimama mlangoni mwa duka akalitazama lori likipita. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, alijisikia msafi.

Akaenda moja kwa moja hospitalini. Abdiwahab alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa, uso umekonda. Tangu ajali alikuwa hazungumzi. Daktari alisema ni maumivu.

"Ameondoka," Raho alimwambia huku akimmenyea chungwa. "Yeye na ukoo wake. Hapati kushika spana tena mji huu, inshallah."

Abdiwahab alifumba macho. Chozi likamtoka pembeni, likashuka hadi sikioni.

"Usilie, mwanangu. Yule mnyama amekwisha."

"Kulow hakuigusa ile nati, hooyo," alisema. "Nilipoilegeza mimi usiku ule pale yadini, lile lilikuwa bado gari la Guled."